Jeraha Lisilo na Kituo: Uhakiki wa Hadithi za Wanaoanguka Thelujini

Msomaji wa mashairi katika mwambao hulelewa katika adabu ya kungojea kituo. Ubeti hufungua jambo, mishororo ya kati hulizungusha, na ule wa mwisho hulifunga hata sikio likatulia. Adabu hiyo ni neema katika shairi. Lakini mtu akitoka nayo akaenda kusoma hadithi ya mwili ulioumia, humfanya adai kitu ambacho jeraha halikuahidi kukitoa, nacho ni mwisho wenye vina. Dai hilo huonekana waziwazi katika hadithi za wanamichezo wanaoumia katikati ya msimu, na hasa katika hadithi za wanaoshindana kwa skii, ambao huanguka mbele ya macho ya dunia na kisha hutakiwa wainuke mbele ya macho hayohayo.

Skii ni zile mbao mbili nyembamba zinazofungwa miguuni ili mtu ateleze juu ya theluji. Mchezo huu uko mbali na visiwa vya Bahari ya Hindi, ingawa hauko mbali kama inavyodhaniwa: Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini. Binti wa mwambao amekwisha kusimama juu ya mlima wa theluji akingoja zamu yake ya kushuka. Kwa hiyo si ajabu kwamba na wasomaji wa mwambao wawe na neno la kusema juu ya namna mambo ya mlima ule yanavyosimuliwa.

Kwanza yafaa kuujua mpangilio wenyewe. Kombe la Dunia la mchezo huu lilianzishwa mwaka 1967. Hushindaniwa kila majira ya baridi, kuanzia Oktoba hadi Machi, likihama mlima hadi mlima, Austria, Italia, Ufaransa, Uswisi, Uswidi na Marekani. Katika kila shindano mshindi hupata alama 100, wa pili 80, wa tatu 60, na hesabu hushuka hivyo mpaka kwa wa 30, ambaye huambulia alama 1. Wa 31 hapati kitu. Katika slalomu na slalomu kubwa, ambamo mshindani hupita akikata kona baina ya miti iliyosimikwa kama milango, kila mmoja hushuka mara mbili siku hiyohiyo na nyakati zake zikajumlishwa. Lakini wanaoruhusiwa kushuka mara ya pili ni wale 30 bora wa mkondo wa kwanza. Katika mteremko mkuu hakuna mara ya pili. Ni mshuko mmoja, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 130 kwa saa, na tofauti baina ya mshindi na aliyeshindwa hupimwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Kiatu kigumu hukishika kifundo cha mguu kisigeuke. Kwa hiyo ubao unaponasa thelujini ilhali mwili unaendelea mbele, anayelipa deni ni goti.

Watu wa bahari hawahitaji kufafanuliwa maana ya msimu. Jahazi lililopandishwa pwani kutiwa kalafati wakati kaskazi inavuma halingojwi na upepo. Upepo ukishageuka, nahodha hana la kufanya ila kukaa mpaka mwaka wa pili, huku akiyahesabu matanga ya wenziwe yanavyopotea upeoni. Msimu wa skii una ukali wa namna hiyo. Aliyeumia Januari huyaona mashindano yakiendelea bila yeye kila wiki, alama zikigawiwa, jina lake likishuka katika orodha. Jeraha lina muda wake, msimu una muda wake, na nyakati hizi mbili hazikupatana. Hapo ndipo penye kisa, na hapo pia ndipo wasimulizi wengi wanapopita mbio.

Utaratibu uliozoeleka wa hadithi hizi una hatua tatu: kuanguka, kuvumilia, kushinda. Hatua ya kwanza hupewa picha, ya tatu hupewa picha, na ya kati hupewa sentensi moja. Kiswahili kina akiba kubwa ya methali zinazoweza kuupamba utaratibu huo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Subira yavuta heri. Mvumilivu hula mbivu. Ni methali zenye busara, lakini zikisomwa kwa pupa hugeuka mkataba: mtu alipe subira, naye alipwe heri. Mwenye kuzisoma hivyo hana nafasi ya kumweka yule aliyevumilia mpaka mwisho na mbivu hakuiona.

Filamu ya Downhill Racer ya mwaka 1969, iliyoongozwa na Michael Ritchie kwa mswada wa James Salter, ni miongoni mwa kazi chache zilizokataa mkataba huo. Robert Redford, aliyefariki dunia Septemba 2025, aliigiza humo nafasi ya David Chappellet, kijana wa Colorado mwenye kipaji kikubwa na moyo mdogo. Filamu inafunguka kwa mshindani wa timu ya Marekani kuumia hali msimu unaendelea. Kocha wake, ambaye nafasi yake iliigizwa na Gene Hackman, anawaita vijana wapya kuziba pengo, na Chappellet ni mmoja wao. Shujaa, basi, anaingia katika hadithi kwa mlango uliofunguliwa na mguu wa mwenziwe. Baadaye Creech, ambaye ni mwenzake katika timu na pia mshindani wake, anaumia vibaya katika shindano la mwisho kabla ya Olimpiki, na mzigo wote wa matumaini ya Wamarekani unahamia mabegani mwa Chappellet. Mara mbili filamu inamsogeza mbele mtu wake kwa kuanguka kwa mwingine, wala haisemi neno la kumwonea haya.

Mwisho wake ndio wenye uzito zaidi. Chappellet amekwisha kushuka, ameongoza, na umati umeanza kumbeba. Ghafla habari inafika kwamba kijana wa Kijerumani, ambaye bado yuko mlimani, anakuja na nyakati bora kuliko zake. Uso wa mshindi unabadilika. Kisha yule kijana anaanguka, na ushindi unarudi kwa mwenyewe. Macho ya wawili hao yanakutana kwa muda mfupi, na filamu inakwisha. Mtazamaji anabaki na swali ambalo shangwe haikulizima: je, aliyebebwa ameshinda kwa kuwa ni bora, au kwa kuwa theluji ilimnasa mwingine? Wapo watakaoiona filamu hii kuwa baridi, isiyo na huruma. Ubaridi huo ndio ukweli wake. Inaonyesha namna mchezo unavyosahau, na inakataa kumfariji mtazamaji kwa kusahau huko.

Hata hivyo ina mpaka wake. Filamu ya Ritchie inajua kuwa walioumia wanaachwa nyuma, lakini na yenyewe inawaacha. Chumba alicholala Creech baada ya siku ile hakimo katika hesabu ya hadithi. Kwa habari za chumba hicho, msomaji hana budi kwenda kwa waliolala humo wenyewe.

Mmoja wa walioandika ni Lindsey Vonn, Mmarekani aliyeshinda mashindano 82 ya Kombe la Dunia kabla ya kustaafu mwaka 2019. Kitabu chake, Rise, kilitoka mwaka 2022. Vonn ana haki ya kuzungumza juu ya goti kuliko karibu kila mtu. Februari 2013, huko Schladming, Austria, aliruka vibaya katika super-G ya mashindano ya ubingwa wa dunia akakatika kano za goti na kuvunjika mfupa chini yake. Novemba ya mwaka huohuo, akiwa mazoezini Colorado kwa ajili ya kurudi, goti lilelile likaumia tena, na Olimpiki ya Sochi ya mwaka 2014 ikampita. Katika kitabu chake hakuficha vilio, wala hakuificha sonona aliyoishi nayo miaka mingi. Kwa ukweli huo anastahiki sifa, maana katika mchezo ambamo woga ni aibu, kukiri huzuni ni ushujaa wa namna yake.

Lakini kitabu kinabeba tatizo katika jina lake. Maana ya jina hilo ni kuinuka, na mtu akishaambiwa jaladani kwamba hadithi ni ya kuinuka, kila anguko analokutana nalo ndani hugeuka kipandio cha ngazi. Msomaji hashituki tena. Anajua kuwa ukurasa wa mbele una nafuu. Maisha yenyewe ndiyo yaliyoukosoa muundo huo: baada ya kitabu kutiwa nukta, Vonn alifanyiwa upasuaji mwaka 2024 akawekewa kiungo cha bandia katika sehemu ya goti la kulia, akarudi mashindanoni Desemba ya mwaka huo, na Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 40, akashika nafasi ya pili katika super-G huko Sun Valley, Marekani. Hadithi iliyokuwa imefungwa ikafunguka upya. Kitabu kiliweka kituo mahali ambapo mwili ulikuwa bado unatunga.

Mfano unaolidhihirisha jambo hili kwa ukamilifu zaidi ni wa Mikaela Shiffrin, naye Mmarekani, kwa sababu mtu huyuhuyu aliumia katika misimu miwili mfululizo, na majeraha hayo mawili yakazaa hadithi mbili zisizofanana hata kidogo.

La kwanza lilikuwa la Januari 2024. Tarehe 26 ya mwezi huo alianguka katika mteremko mkuu wa Cortina d'Ampezzo, Italia, akaumia goti. Alikaa nje takriban wiki sita. Tarehe 10 Machi alirudi katika slalomu ya Åre, Uswidi, akashinda. Ni kisa kinachotosha ubeti mmoja: mshororo wa kuanguka, wa kutibiwa, wa kurudi, na kituo cha ushindi. Waandishi wa michezo walikipokea kwa furaha, na hawana lawama, kwani kilikuja tayari kimekwisha kupigwa randa.

La pili halikukubali randa. Vuli ya mwaka huohuo Shiffrin alishinda slalomu ya Levi, Finland, kisha ya Gurgl, Austria, akatimiza ushindi wa 99. Hapana mtu mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kufika huko; rekodi ya mashindano 86 ya Ingemar Stenmark wa Uswidi, iliyosimama tangu mwaka 1989, alikuwa ameivuka Machi 2023. Tarehe 30 Novemba 2024, huko Killington katika jimbo la Vermont, mbele ya watu wa nchi yake, aliongoza baada ya mkondo wa kwanza wa slalomu kubwa. Katika mkondo wa pili, akiwa karibu na mwisho, alianguka, akapita katikati ya milango na kuishia kwenye wavu wa usalama. Kitu kilimchoma ubavuni, kikatoboa nyama za tumbo na kuacha tundu refu ndani. Desemba alifanyiwa upasuaji wa kulisafisha.

Alirudi baada ya miezi miwili kamili, tarehe 30 Januari 2025, katika slalomu ya Courchevel, Ufaransa, akawa wa 10. Msomaji aliyezoea kisa cha Åre anaweza kuona hapo ni kuchelewa kidogo tu kwa kituo. Ukweli ulikuwa mwingine. Katika slalomu aliweza kushuka. Katika slalomu kubwa, ile aliyoangukia, ambamo milango imeachana zaidi na kasi ni kubwa zaidi, mwili wake haukumtii. Februari 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia yakifanyika Saalbach, Austria, alikuwa ndiye bingwa mtetezi wa slalomu kubwa, kwa taji alilolipata Méribel mwaka 2023. Akatangaza kwamba hatashuka. Akaeleza hadharani kuwa anapambana na kiwewe kinachobaki baada ya ajali, ambacho madaktari hukihesabu kuwa ni maradhi kamili. Mwezi Mei aliandika insha katika jarida la The Players' Tribune, akasimulia kwa urefu ajali ile na yaliyofuata: nyama zikiwa zimekwisha kufunga, na hofu bado iko wazi.

Hapa lugha ya Kiswahili ina hazina kuliko methali zote za subira zilizotajwa juu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushituka. Kwa maneno machache wahenga walieleza jambo ambalo vitabu vya tiba vilichelewa kulipa jina. Methali haisemi kuwa aliyeumwa ni mwoga. Haimwamuru asishituke. Haisemi ataacha lini. Inasema tu kuwa jicho lililomwona nyoka halitauona tena unyasi kama unyasi. Kwa Shiffrin unyasi ulikuwa mlango wa slalomu kubwa: mti uleule aliopita maelfu ya mara tangu utotoni, sasa una sumu. Tena mti wa slalomu ya kawaida haukuwa na sumu hiyo. Mwili una hesabu zake za ndani, na hauombi ruhusa ya mwenyewe katika kuchagua kipi cha kukiogopa.

Ubora wa usimulizi wake, kwa hiyo, uko katika kukataa kuilainisha tofauti hii. Angeweza kusema kuwa kidonda kinamuuma, na kila mtu angemwelewa, kwa sababu kidonda kina picha ya daktari. Alisema kuwa kidonda kimepoa ilhali yeye hajapoa. Kujitoa katika shindano ambalo mtu ndiye mwenye taji lake, kwa sababu isiyoonekana kwa macho, ni tendo lisilo na nafasi katika hadithi ya hatua tatu. Si kuanguka, si kuvumilia kwa maana iliyozoeleka, si kushinda. Ni kusimama pembeni na kukisema kitu kwa jina lake. Katika mashindano hayohayo ya Saalbach alipata medali ya dhahabu pamoja na Breezy Johnson, katika shindano la wawili wawili ambamo mmoja hushuka mteremko mkuu na mwingine slalomu. Siku chache zikamwona bingwa na asiyeweza wakiishi katika mwili mmoja, na kwa usimulizi wake hakumfukuza yeyote kati ya hao.

Kisha ukaja mwisho wa wiki wa Sestriere, Italia, ambao ni mtihani kwa kila mhakiki. Tarehe 23 Februari 2025 Shiffrin alishinda slalomu, na ushindi wake wa 100 ukatimia. Nambari yenye sifuri mbili ni kituo ambacho hapana mwandishi wa habari angeweza kukiacha. Vichwa vya habari duniani vikaimba mia, na kisa cha Killington kikaonekana kimefungwa. Lakini siku moja kabla, mlima huohuo, katika slalomu kubwa, mwanamke huyuhuyu hakupata hata nafasi ya kuingia mkondo wa pili. Hakuwamo katika 30. Hakupata alama hata moja. Siku mbili zilizofuatana, mtu mmoja, theluji moja. Moja ikapewa vitabu na nyingine ikapewa mstari wa chini katika orodha ya matokeo.

Lau ingeulizwa ni ipi katika siku mbili hizo iliyohitaji moyo mkubwa zaidi, jibu si gumu. Siku ya slalomu alishuka katika kitu anachokimudu kuliko binadamu wote waliorekodiwa. Siku ya slalomu kubwa alisimama juu ya mlima akijua kwamba mwili wake unaweza kumkana, akashuka hivyohivyo, akashindwa, na kesho yake akapanda tena. Mashairi ya kusifu mia yatatungwa bila kuhimizwa. Shairi la Jumamosi ile ndilo lenye haja ya mtunzi.

Na bado mfano wa Shiffrin una faraja ndani yake, kwa kuwa mia ilitimia. Ili kuipima nadharia ya subira kwa haki, lazima awekwe mbele mtu ambaye heri haikumjia kwa wakati. Petra Vlhová wa Slovakia alikuwa bingwa wa Olimpiki wa slalomu mwaka 2022 huko Beijing, dhahabu ya kwanza ya nchi yake katika skii za milimani. Tarehe 20 Januari 2024 mashindano ya Kombe la Dunia yalifika kwao, Jasná, na watu wake walikuja kumtazama. Alianguka katika mkondo wa kwanza wa slalomu kubwa, kano ya goti ikakatika. Ilikuwa siku sita kabla ya Shiffrin kuanguka Cortina. Shiffrin alirudi Machi akashinda. Vlhová alikosa sehemu iliyobaki ya msimu ule na msimu mzima uliofuata. Wote wawili walikuwa na madaktari hodari, nidhamu, na nia. Hakuna mwenye haki ya kusema kuwa mmoja alivumilia zaidi ya mwingine. Goti moja lilikubali na jingine likakataa.

Ukiwekwa mfano huu kando ya methali, methali haivunjiki, ila inalazimika kusomwa upya. Heri inayovutwa na subira haiwezi kuwa medali, la sivyo wahenga watakuwa wamesema uongo juu ya nusu ya watu waliovumilia. Mwambao umelijua hilo zamani. Kisa cha Nabii Ayubu kilitungiwa utenzi wa Kiswahili, na shujaa wa utenzi huo, tofauti na mashujaa wa tendi za vita, hana upanga wala adui wa kumkata. Kazi yake yote ni kukaa na maradhi. Kwamba washairi wa kale waliona kisa cha kukaa kinastahiki bahari ileile waliyoitumia kwa visa vya vita ni hukumu ya kifasihi, nayo ni hukumu nzito. Waliona kuwa katikati, yaani ule muda ambao hapana kinachotokea isipokuwa mtu kuendelea kuwapo, ni maudhui kamili.

Huko ndiko hadithi za wanamichezo zinakohitaji kufundishwa. Tatizo lao si ukosefu wa huruma. Kila mtu humhurumia aliyeanguka, kwa dakika ile machela inapopita. Tatizo ni la ugawaji wa kurasa. Kuanguka kwa Killington kulichukua sekunde chache. Kulikofuata kulichukua miezi, na katika miezi hiyo mlikuwamo asubuhi nyingi za kujaribu kuinua mguu, mazungumzo na mtaalamu wa nafsi, na vilima vidogo vya mazoezi alivyoshuka hali moyo unakwenda mbio. Msimulizi anayezipa sekunde zile kurasa kumi na miezi ile mstari mmoja amekwisha kusema uongo kabla ya kuandika neno lisilo kweli.

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa. Yaweza kusemwa kuwa msomaji naye ni binadamu, na huja kwenye hadithi kutafuta nguvu. Ukimnyima kituo cha ushindi, umemnyima riziki. Hoja hii ina uzito, hasa kwa msomaji ambaye naye amelala kitandani na mguu uliofungwa plasta. Lakini ni huyohuyo anayedhulumiwa zaidi na hadithi ya hatua tatu. Akiisoma katika wiki ya sita, wakati shujaa wa kitabu amekwisha kushinda na yeye bado hawezi kushuka ngazi, hatapata nguvu. Atajiona mpungufu. Atakapokutana na mtu aliyepona nyama na hakupona hofu, aliyebeba dhahabu wiki moja na kukosa nafasi katika 30 wiki nyingine, hapo ndipo atakapojiona ana mwenziwe.

Downhill Racer, kwa ubaridi wake, ilionyesha mlango ambao walioumia hutokea. Rise ilithubutu kueleza kilio, ingawa ilikifunga kwa ahadi. Insha ya Shiffrin inakwenda mbele kuliko zote mbili, kwa kuwa iliandikwa na mtu ambaye bado yumo njiani, asiyejua kama atawahi kushuka slalomu kubwa kama zamani, na hakujifanya kujua. Ndiyo sababu inasomeka kama utungo ulioachwa wazi. Washairi wa visiwani, ambao mikononi mwao kituo ni mali ya urithi, wana sababu ya kuusoma utungo wa namna hiyo polepole, na pengine ya kujaribu, hata mara moja, kuutunga ubeti ambao mshororo wake wa mwisho unamwacha mtu juu ya mlima, kofia imefungwa, fimbo mkononi, kabla saa haijaanza kuhesabu.